Viatu Nilivyomvua Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa nyayo zikitazamana. Mkunga aliponiita ndani ya wodi alikuwa amemfunika mtoto kuanzia kifuani kwenda chini, akanionyesha uso kwanza. Kisha akaikunjua shuka polepole, akasema, "Mwalimu, usishtuke. Haya yanatibika." Sikushtuka. Nilisimama tu nikivitazama vile vinyayo viwili vilivyojikunja kuelekea ndani na juu, nikajikuta nawaza jinsi atakavyovuka barabara kuu ya Lodwar, mbio za bodaboda zikimjia kutoka kila upande.

Mke wangu alikuwa amelala ameugeukia ukuta. Yeye ni mzaliwa wa Kitale aliyekuja Turkana kutafuta kazi. Mimi ni Mturkana wa Namoruputh, na ninafundisha shule ya msingi Lodwar. Wakati huo mke wangu alikuwa karani wa shirika moja Kakuma, kwa hiyo tangu tuoane tuliishi katika nyumba mbili na kukutana wikendi. Siku ile aliniuliza swali moja tu.

"Nilikula nini?"

Nikamwambia hakula kitu kibaya, mambo haya hutokea tu. Hakuniamini. Nadhani mpaka leo hajaamini.

Matibabu yalianza mtoto akiwa na wiki mbili. Kila wiki tulimpeleka hospitalini, na mhudumu wa plasta, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, akaukanda kila mguu, akaugeuza kidogo kuelekea nje, akaufunga plasta kuanzia vidoleni hadi pajani. Asubuhi ya kliniki tuliiloweka plasta ya zamani ndani ya karai mpaka ilainike, tukaibandua kwa vidole, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe, imekunjamana, ina harufu ya kitu kilichofungiwa. Mara sita tulifanya hivyo. Kisha mshipa wa nyuma ya kisigino ukakatwa kidogo, akapigwa plasta ya mwisho, na ilipotolewa nyayo za binti yangu zilikuwa zimenyooka. Mke wangu alizishika akalia pale pale kwenye benchi, mbele ya akina mama wengine, bila kujifuta.

Ndipo tukapewa viatu. Vilikuwa viatu viwili vidogo vya ngozi, vimetoboka mbele vidole vionekane, na vimefungwa kwenye chuma chembamba chenye upana wa mabega ya mtoto. Kwa miezi mitatu angevaa mchana na usiku, avuliwe tu wakati wa kuoga. Baada ya hapo angevaa kila anapolala, usingizi wa usiku na wa mchana, mpaka afikishe miaka minne.

"Plasta ilikuwa kazi yangu," mhudumu alituambia. "Viatu ni kazi yenu. Mguu wa namna hii hutaka kurudi ulikotoka. Msiuruhusu."

Mke wangu hakuuruhusu. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha alimchukua mtoto akaenda naye Kakuma, na kwa miezi kumi hakukosa siku hata moja. Nilipokwenda kuwatembelea nilimwona akifunga ile mikanda huku akizungumza mambo mengine kabisa, vidole vyake vikijua kazi bila kuangalia. Mtoto alitambaa, akasimama, akapiga hatua. Miguu ilikuwa miguu tu, kama ya mtoto yeyote.

Kisha mambo yakabadilika. Wakimbizi wengi wapya walifika Kalobeyei, karibu na Kakuma, na mke wangu akahamishiwa huko kuwaandikisha. Alitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi giza limeingia. Msichana aliyemsaidia kulea akaacha kazi ghafla akaenda kuolewa. Shule zilikuwa zinafungwa kwa likizo ya Desemba, kwa hiyo tukakubaliana mtoto aje Lodwar akae nami mpaka yeye apate msaidizi mwingine. Mama yangu angekuja kunisaidia.

Mama alifika na kifurushi kimoja na ngozi yake ya kulalia. Mbuzi alimwachia ndugu yangu mdogo. Chumba changu cha mawe na mabati kilimshinda kwa joto. Alilala nje, kwenye kivuli cha ukuta. Kiswahili alijua kile cha sokoni tu, cha kuulizana bei ya mbuzi na ya sukari. Mimi na yeye tulizungumza Kiturkana, na haya ninayoandika kuwa aliyasema, aliyasema kwa lugha hiyo.

Siku ya kwanza nilimwonyesha jinsi ya kumvalisha mjukuu wake. Soksi kwanza, bila mikunjo. Kisigino kikae chini kabisa. Mkanda wa katikati ndio wa kwanza kufungwa. Alinitazama mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe nifanye."

Akafanya, akapapasa matundu ya mkanda kwa ncha ya kidole: la tatu mguu wa kulia, la nne wa kushoto. Hakuwahi kukosea. Aliniambia mwanambuzi akivunjika mguu hufungwa vijiti hivyo hivyo, na mama yake humlilia vivyo hivyo, na vijiti haviondolewi kwa sababu ya kilio.

Wiki ya tatu, nikimvua viatu baada ya usingizi wa mchana, niliona lengelenge limepasuka kwenye kisigino cha kushoto. Nyama ilikuwa nyekundu, soksi imegandamana nayo. Nilipoigusa mtoto alipiga ukelele nisiowahi kuusikia. Kesho yake nikampeleka hospitalini. Mhudumu wa plasta alikuwa safarini. Nikaambiwa nirudi Jumanne, na kwamba wakati huo nikisafishe kidonda, ila viatu nisiviache.

Nikasafisha kidonda. Viatu nikaviacha.

Siwezi kusema sikujua. Nilijua. Ila ule mchana, alipoanza kusinzia na mimi nikavichukua viatu, aliviona mkononi mwangu akaanza kurudi nyuma kwa makalio, akijisukuma sakafuni mpaka akafika ukutani, macho yake yamenikazia. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wangu kuniogopa. Nikaviweka viatu juu ya kabati, nikamlaza hivyo hivyo, na akalala kwa saa tatu bila kuamka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amelala na miguu imeachana inavyotaka.

Jumanne ikapita, sikwenda. Nilijiambia kidonda kipone kwanza. Kidonda kikapona. Nikajiambia likizo iishe kwanza. Jirani mmoja, mama anayeuza samaki wakavu, ambaye kila mara aliponiona na vile viatu aliniuliza kwa nini nimemfunga mtoto minyororo, sasa alimwona akikimbia uani akasema, "Mwalimu, si amepona huyu? Mshukuru Mungu." Nikamshukuru Mungu. Kanisani nikasimama kutoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka, ule ushuhuda.

Mama alikuwa ameniuliza mapema, siku ya pili tangu niviache viatu.

"Mbona mtoto analala bila vyuma?"

"Daktari amesema apumzike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakaposema tena."

Alinitazama kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe. Mimi ndiye niliyesoma. Mimi ndiye niliyekwenda hospitalini. Angeniuliza nini zaidi?

Na mke wangu alipiga simu kila jioni kutoka Kakuma.

"Anavaa?"

"Anavaa."

"Kisigino kinakaa chini?"

"Kinakaa."

Mama alikuwa ameketi pale karibu na jiko, na mtoto mapajani mwake, miguu mitupu. Nilikuwa namwona namna anavyonisikiliza, lakini nilidhani hasikii kitu.

Mwishoni mwa Februari mke wangu akapata msaidizi, akatutaka tumpeleke mtoto. Nikaomba ruhusa shuleni, tukasafiri watatu: mimi, mama, na mtoto. Nilikuwa tayari nimeona. Mguu wa kulia ulikuwa sawa, ila wa kushoto, akisimama, kisigino kilikuwa hakigusi chini vizuri, na akikimbia ncha ya mguu ilitazama ndani. Siku nne kabla ya safari nilijaribu kumvalisha viatu. Cha kushoto kilikataa. Kisigino kilichomoka kila nilipofunga mkanda, kama kitu kilichopakwa mafuta.

Mke wangu alikuja kutulaki barabarani. Alimchukua mtoto, akamkumbatia, akamweka chini, akamwita aende kwake. Akamtazama akija. Kesho yake asubuhi sote wanne tukawa kliniki.

Mhudumu wa kliniki ile ya Kakuma alikuwa Mkongomani, mkimbizi aliyekaa kambini miaka mingi, na ndiye aliyemjua binti yangu tangu alipokuwa hajaanza kutambaa. Alimketisha mezani, akamchekesha, akaushika mguu wa kushoto akaupandisha juu. Haukupanda. Akajaribu tena. Uso wake ukabadilika.

"Mama," alimwambia mke wangu, "huu muguu haikuvala kiatu. Si siku moja, si siku mbili. Ni miezi."

"Alikuwa anavaa," mke wangu alisema. "Kila siku."

"Hapana, mama. Muguu haisemake uongo."

Mke wangu aligeuka. Hakunigeukia mimi. Alimgeukia mama yangu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, fimbo yake magotini. Nilielewa papo hapo alichokuwa amekiona: mwanamke mzee wa porini, asiyejua kusoma, aliyeachiwa mtoto wakati mwanawe mwalimu yuko darasani. Ilikuwa rahisi sana kuamini.

"Mwulize mama yako," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima hata, "kwa nini alimvua mtoto viatu."

Mama akanitazama akingoja. Mhudumu akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa lugha yao.

Nikamwambia mama kwa Kiturkana, "Anauliza kama viatu vilikuwa vinamsumbua mtoto."

Mama alikuwa ananitazama moja kwa moja usoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya mbele ya watu.

"Mwambie mtoto alikuwa na kidonda," alisema. "Alikuwa akilia. Wewe ukasema daktari amesema apumzike."

Nikamgeukia mke wangu.

"Anasema mtoto alikuwa na kidonda, alikuwa akilia," nikasema. Hapo nikakoma.

Mke wangu alifumba macho. Alipoyafumbua hakumwangalia mama tena, siku ile wala siku nyingine kwa muda mrefu. Aliniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema, "Sikujua mpaka juzi." Maneno hayo yalitoka vizuri, bila kukwama. Nimesimama mbele ya watoto miaka kumi na moja nikiwaadhibu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Siku ile ile mguu wa kushoto ulipigwa plasta. Binti yangu sasa alikuwa mkubwa, anajua kukataa; tulimshika watatu, pamoja na muuguzi. Mama alisimama nje chini ya mti wa mathenge, mgongo wake umetuelekea.

Asubuhi iliyofuata aliniambia anarudi Namoruputh. Mke wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Kifungua kinywa alikuwa amekiacha kimefunikwa, sahani mbili, si tatu. Sijui kama ilikuwa makusudi. Mama aliiona. Nilimsindikiza hadi stendi, nikimbebea ngozi yake. Nilitaka aniseme. Nilitaka anitukane kwa lugha ile aliyonilelea, hapo kati ya wapakiaji na magunia. Alipopanda aliniambia tu, "Hakikisha mtoto anavaa." Gari likaondoka.

Plasta zilikuwa nne safari hii. Mshipa ulikatwa upya. Viatu vipya, saizi kubwa zaidi, vilichelewa kufika, na katika zile siku za kungoja mke wangu alimfunga mtoto mguu kwa kitambaa na kipande cha mbao, akiamka kila mara kumtazama. Mimi nilirudi Lodwar kufundisha. Kila Ijumaa nilikwenda Kakuma. Hakuwahi kuniambia nisimguse mtoto, lakini nilipovichukua viatu alivichukua mkononi mwangu kwa upole akavivalisha mwenyewe. Alisema hivyo ni kwa sababu nimechoka na safari.

Jina la mama halikutajwa ndani ya nyumba ile kwa zaidi ya mwaka. Nilipojaribu kusema labda aje Krismasi, mke wangu alisema, "Mama yako ni mtu mzuri. Lakini mtoto wangu simwachii tena." Nilinyamaza. Nilinyamaza mara nyingi, na kila mara nilikuta kunyamaza kumekuwa kwepesi zaidi, na hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Nilimwambia ukweli siku moja ya Jumapili, tumetoka kanisani Kakuma, mtoto amelala na viatu vyake. Hakukuwa na sababu ya kuchagua siku ile. Mke wangu alikuwa akisonga ugali, akasema bila kunitazama kwamba huwa anajiuliza kama mama yangu anamkumbuka mtoto. Nikasema, "Hakuvua viatu yeye. Nilivua mimi." Kisha nikasema yote: kabati, ushuhuda, simu za jioni, tafsiri.

Aliendelea kusonga mpaka ugali ukawa mgumu kupita kiasi. Akaosha mikono, akaifuta.

"Mwaka mzima," alisema.

"Ndiyo."

"Umeniacha nimchukie mama yako mwaka mzima."

Nilianza kusema samahani. Akainua mkono.

"Usiniombe mimi. Mimi nitaona nitafanya nini na wewe. Nenda kwake."

Nilikwenda Namoruputh wikendi iliyofuata, nikamkosa. Ulikuwa ukame, walikuwa wamevuka na mifugo upande wa Uganda kutafuta majani. Nilirudi mara ya pili baada ya miezi miwili. Nilimkuta ameketi mbele ya akai yake, kibanda chake cha matawi, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Tulisalimiana, ejok, ejok-noi, tukaulizana habari za mbuzi, wangapi wamekufa, wangapi wamebaki. Kisha akauliza, "Mtoto anatembea?"

"Anatembea."

"Vizuri?"

"Mguu mmoja vizuri. Mwingine si sana."

Nikamwambia kilichonileta. Nilimwambia kwamba siku ile kliniki sikutafsiri alichosema, kwamba nilikata maneno yake katikati, kwamba mke wangu alidhani ni yeye.

"Najua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Najua Kiswahili cha kuuza mbuzi. 'Kwa nini' nakijua. 'Kuvua' nakijua. 'Mama yako' nakijua." Alihesabu kwa vidole, bila hasira. "Hukuuliza alichouliza."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema na nani? Mdomo wangu siku ile ulikuwa wewe."

Nililia, mtu mzima, na yeye aliniacha nilie bila kunigusa. Baadaye akaniletea maziwa kidogo kwenye kibuyu, machache mno, na nilijua ndiyo yote yaliyokuwepo. Hakusema amenisamehe. Nimesubiri neno hilo tangu hapo na sijalisikia. Huenda kwake maziwa yalikuwa ndiyo neno. Huenda yalikuwa maziwa tu ya mgeni.

Mke wangu alikwenda kumwona mwezi wa nane. Tulipanda pikipiki mbili, yeye na mtoto kwenye moja, mimi kwenye nyingine. Tulipokaribia boma aliniambia nibaki pale kwa wenye pikipiki. Niliwaona kwa mbali: wanawake wawili wamekaa ardhini, mtoto kati yao, wakiongea kwa ile lugha yao ya vipande na mikono. Ilichukua muda mrefu. Waliongea nini sijui. Nilipouliza njiani mke wangu alisema, "Mambo yetu," na mpaka leo yamebaki kuwa yao.

Hajaniacha. Watu wengine wangeniacha. Alihamia Lodwar mkataba wake ulipokwisha, ana duka dogo la nguo, na tunaishi nyumba moja kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Lakini nikimwambia jambo, hata dogo, kwamba nimepitia sokoni na nyanya hazikuwepo, huwa kuna kituo kidogo kabla hajaitikia. Mimi peke yangu ndiye ninayekisikia.

Binti yetu amefikisha miaka minne na nusu. Viatu vya chuma amemaliza. Mguu wa kulia, daktari amesema, hauna shida tena. Wa kushoto bado hugeukia ndani anapochoka, na shuleni, kwenye mbio, huwa wa mwisho na hujifanya hataki kukimbia. Atahitaji upasuaji wa kuuhamisha mshipa mmoja kutoka upande wa ndani kwenda katikati ya mguu. Daktari wa kazi hiyo huja Lodwar mara chache, tumeandikishwa, tunangoja kuitwa. Aliniambia wazi kwamba kama kiatu kingevaliwa miezi ile niliyokiweka kabatini, pengine tusingefika hapa. Pengine, alisema. Nilimshukuru kwa neno hilo, ingawa sikulistahili.

Juzi, tukila chakula cha mchana, binti yangu aliuliza kama huo mguu utakaposhonwa utauma. Mama yake alikuwa dukani. Nilitaka kusema hapana.

"Utauma," nikamwambia. "Siku nyingi kidogo. Nitakuwa nawe."

Aliuangalia mguu wake chini ya meza, akaugeuza huku na huku. Kisha akaniomba nimwongezee mchuzi.